Mshahara wa Kumlisha Cleotha

Nyumba ya mwisho kwenye njia yao mpya ilikuwa ile ya buluu, nyuma ya kiwanda cha zamani cha kuchambulia pamba. Verlean Sykes alipoiona alimshika dereva mkono.

"Usisimame. Pitiliza."

Mzee Hosea Bledsoe alisimama. "Chakula kimebaki kimoja na nyumba imebaki moja, Bi Verlean. Nipitilize niende wapi? Kuna mbwa?"

"Afadhali angekuwa mbwa."

Hosea alisoma jina lililobandikwa kwenye kifuniko cha chakula, akaitazama nyumba, kisha akaanza kucheka, tumbo likimtikisika nyuma ya usukani. Harpole ni mji mdogo. Yeye alikuwepo kanisani siku Verlean alipoolewa na Cleotha Gathings, na alikuwepo vilevile, kama mji mzima, siku Cleotha alipoondoka.

"Basi mpelekee mumeo kabla hakijapoa," alisema.

"Mume wa nani? Wewe mzee, nitakumwagia mchuzi huu kichwani."

Lakini alishuka. Alivuta pumzi, akaiweka sawa kofia yake ya wavu, akapanda ngazi za mbao ambazo aliwahi kuzifagia mpaka akaujua kila msumari.

Hiyo ilikuwa nyumba ya Mama Essie, mamake Cleotha. Humo ndani Verlean alimwogesha mama mkwe, akamgeuza kitandani, akamlisha uji kwa kijiko mwaka mzima kisukari kilipomla miguu. Na mwaka huo Cleotha hakuwepo. Alikuwa amekwishaondoka kwenda Milwaukee, mbali kaskazini, na Lorraine, karani wa ofisi ya kiwanda cha samaki, kambale, alikofanya kazi Verlean mwenyewe, kwenye gari ambalo Verlean ndiye aliyekuwa analilipia. Watu walimwambia, "Mwache huyo mama, ana mwanawe." Hakumwacha. Bibi wa watu hakuwa na kosa. Siku ya mazishi Cleotha alikuja na Lorraine mkononi, Lorraine amevaa kofia mpya, na wote wawili wakaketi kiti cha mbele, cha wafiwa. Verlean aliketi nyuma, karibu na jikoni, kwa sababu chakula cha wageni kilikuwa juu yake.

Baada ya hapo alirudi kwenye meza ya kiwanda kupasua kambale. Alisimama kwenye maji baridi na kisu mkononi mpaka vidole vya mkono wa kulia vikakataa kunyooka. Kisha kiwanda kikafungwa. Wenye mali walihamia kwingine, na wanawake wenye vidole vya kuumwa walibaki navyo. Pensheni ikawa haifiki mwisho wa mwezi. Akaomba kazi madukani, akaomba shuleni, akaomba hata kuosha vyombo kwenye mkahawa wa barabara kuu. Kila mahali walimwita mama kwa heshima kubwa, wakamfungulia mlango atoke.

Ndipo kanisani akasikia kuhusu mpango wa serikali wa wazee wasio na kitu. Wanakupa kazi ya nusu siku mahali pa umma, kwenye maktaba, shule au jiko la wazee, na mshahara ni kile kima cha chini cha sheria, hawazidishi hata senti. Wanaiita mafunzo. Eti mzee anafunzwa kazi ili aende akaajiriwe penginepo, na sharti mojawapo ni kwamba uendelee kutafuta hiyo kazi ya penginepo. Bwana Kimbrough, ofisa wa mpango, kijana mstaarabu mwenye tai, alikuwa akija kutoka Greenwood kuwakagua.

"Bi Verlean, umeomba kazi wapi safari hii?"

"Nimeomba kwenye duka la bei nafuu. Wakasema watanipigia."

"Wamepiga?"

"Bado. Labda wanasubiri nikue."

Kimbrough hakujua acheke au aandike. Aliandika.

Hata hivyo Verlean aliipenda ile kazi, na kuipenda huko hakumwambia mtu. Alipenda kuamka akiwa na pa kwenda. Alipenda kitambulisho chenye jina lake alichokivaa kifuani. Asubuhi alipasha chakula katika jiko la kituo cha wazee, akakifunga, kisha akapanda gari na Hosea, naye mwajiriwa wa mpango huohuo, wakakisambaza kwa wazee wenzao wasioweza kutoka nyumbani. Wengine walikuwa wadogo kwake kwa umri.

Basi sasa amesimama mlangoni pa Mama Essie, na chakula cha Cleotha mkononi. Aligonga.

"Mmechelewa!" sauti ilitoka ndani. "Jana walikuja mapema."

Aliingia. Cleotha, aliyekuwa amerudi kwao baada ya kuugua, alikuwa kwenye kiti cha mamake kando ya dirisha. Kiharusi kilikuwa kimemvuta upande wa kushoto wa uso, na mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji, umewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Verlean aliweka chakula mezani. Alitumaini barakoa na kofia ya wavu vitamficha. Lakini Cleotha aliangalia mikono.

"Vee?"

"Kuna kuku, maharage na mkate wa mahindi. Maziwa haya yaweke baridi."

"Ni wewe kweli! Yaani serikali inakulipa uniletee chakula?" Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Dunia hii!"

"Nilikulisha miaka yote ile bure," Verlean alisema. "Nikaona sasa nianze kudai."

Akatoka. Ndani ya gari alivua barakoa, akaikunja mara mbili. Hosea, ambaye mzaha ulikuwa kazi yake ya pili, safari hii alimpa chupa yake ya maji, akageuza gari kwenda kituoni.

Msimamizi wa jiko aliitwa Delphine Rucker. Verlean alimwomba ambadilishie njia.

"Sina mtu mwingine, Bi Verlean. Anakutukana?"

"Hapana."

"Anakushika?"

"Athubutu!"

"Basi vumilia. Wewe ndiye ninayekutegemea."

Alivumilia. Na kadiri siku zilivyokwenda aligundua kitu ambacho hakukitarajia: kwamba kazi ile ilikuwa na mipaka, na mipaka ilikuwa upande wake. Mpeleka chakula anagonga, anaingia, anaweka mezani, anahakikisha mtu ni mzima na anajitambua, anaondoka. Basi.

"Vee, nisaidie kuokota ile soksi."

"Haimo kwenye kazi yangu."

"Shuka zangu hazijafuliwa tangu—"

"Haimo kwenye kazi yangu, Cleotha."

"Kaa basi kidogo tuongee. Nashinda na redio hapa."

Hosea alikuwa anapiga honi nje, kama walivyokubaliana. Verlean alikuwa akifungua mikono kama mtu asiye na la kufanya. "Umesikia mwenyewe. Naitwa."

Maishani mwake hakuwahi kumwambia mtu yeyote wa nyumba ile hapana. Ilikuwa tamu kiasi kwamba aliionea haya. Siku nyingine alipofika alijikuta anangoja kuombwa ili akatae.

Lakini Cleotha hakuwa mtu wa kushindwa kwa urahisi. Jumapili moja, Verlean anatoka kanisani, Dada Ozell, kiongozi wa wanawake, alimkumbatia mpaka kofia ikamwenda upande.

"Tumesikia, mpenzi! Tumekuwa tukikuombea miaka yote hii, na Mungu hashindwi."

"Mmesikia nini?"

"Kwamba unampikia tena. Kwamba mmesameheana. Mchungaji alimtembelea, akamwambia mwenyewe, machozi yanamtoka: 'Vee wangu amerudi.'"

Kina mama waliokuwa karibu walipiga makofi. Verlean alisimama katikati yao na Biblia kifuani, hajui afungue mdomo aseme nini bila kutenda dhambi kwenye ua wa kanisa.

Kesho yake hakumngoja Hosea azime gari.

"Umewaambia nini watu?"

Cleotha alikuwa tayari na uma mkononi. "Ukweli. Unanipikia, unakuja kunitazama. Mke hufanya nini zaidi ya hapo?"

"Chakula hiki kinatoka Jackson ndani ya lori, kimeganda kama jiwe. Mimi napasha. Ukitaka mke, kamwoe dereva wa lori."

"Una hasira bado."

"Lorraine yuko wapi?"

Hapo Cleotha alitazama dirisha. "Aliniacha nilipougua," alisema. "Alisema yeye si nesi."

Verlean alitaka kufurahi. Alikuwa ameingoja habari hiyo miaka mingi. Sasa ilipomfikia alichoona ni kwamba Lorraine, ambaye watu wa Harpole walimwita kila jina chafu, alikuwa amejua siku zote kusema hapana, neno ambalo yeye alijifunza juzi tu, tena kwa kulipwa.

Jioni binti yake alipiga simu kutoka Memphis. Shondra alikuwa mtoto wao wa pekee. Babake alipoondoka alikuwa msichana wa shule, na kila Krismasi kilikuja kifurushi kutoka Milwaukee, viatu vyekundu mwaka huu, koti la manyoya mwaka ule. Mkate wa kila siku ulitoka mezani pa kambale, lakini mtoto hakumbuki mkate. Anakumbuka viatu.

"Mama, Baba amenieleza. Nimefurahi mpaka nimelia ofisini."

"Amekueleza uongo. Mimi niko kazini, Shondra. Nalipwa."

"Najua, ila nilikuwa nawaza. Wewe unapanga, na ile nyumba ya Bibi ina vyumba viwili vimekaa tu. Ungehamia pale ungeokoa kodi. Na Baba angekuwa na mtu."

"Na mimi ningekuwa na nani?"

Shondra alidhani ni swali la mzaha, akacheka.

Kiangazi kilipokolea, joto la Delta, bonde lao la pamba, likiwa limekaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria, Kimbrough alikuja jikoni bila tai. Aliwakusanya wazee wa mpango, Verlean na Hosea na wanawake wawili wa kuosha vyombo.

"Fedha hazijatoka Washington," alisema. "Mpango umesimama kuanzia leo."

"Mpaka lini?" Verlean aliuliza.

"Hatujaambiwa."

"Sasa tufanye nini?"

"Mkae nyumbani. Tutawapigia."

"Kama duka la bei nafuu," Hosea alisema, akamkabidhi Delphine funguo za gari.

Delphine alimfuata Verlean hadi nje. Alikuwa mtu mwema, na maneno yake yalikuwa mema. "Bi Verlean, wale wazee hawana mtu. Huwezi ukaja kujitolea tu, mpaka mambo yakae sawa? Wewe moyo wako naujua."

"Mshahara wako nao umesimama, Delphine?"

Delphine alitazama viatu vyake.

"Basi huujui moyo wangu," Verlean alisema, akavua kitambulisho.

Alikaa nyumbani. Alizima kipoza hewa, akafungua madirisha, akalala sakafuni kwenye ubaridi wa vigae. Alikula biskuti za chumvi na dagaa wa kopo. Alipiga simu kule kwenye mkahawa wa barabara kuu, wakamwita mama, wakamwambia hawana nafasi. Jina la Cleotha lilimjia kichwani mara nyingi kuliko alivyotaka, naye akalifukuza kila lilipokuja. Ana binti. Ana kanisa lililompigia makofi. Kina Dada Ozell waende.

Na kweli kina Dada Ozell walikwenda, mara mbili, na keki. Keki, kwa mtu wa kisukari.

Kisha Shondra akapiga. "Mama, Baba hajala chakula cha moto wiki nzima. Sauti yake siyo. Nenda kamwone."

"Njoo umwone wewe."

"Kazini hawanipi ruhusa, unajua. Wewe uko hapohapo."

"Shondra, umeniuliza mimi nimekula nini?"

"Wewe una nguvu, Mama. Siku zote unajiweza."

"Nani alikwambia?"

"Mama, tafadhali. Ni babangu." Akaanza kulia, na kilio cha mwanawe kilikuwa kitu ambacho Verlean hakuwahi kujifunza kukikataa.

Jumapili, baada ya ibada, alipika. Alipika chakula cha kweli: sukuma wiki na mfupa wa nguruwe, kunde, mkate wa mahindi kwenye kikaango cha chuma. Alilipia kwa kadi yake ya chakula ya serikali, iliyokuwa imebakiwa na kidogo. Akafunika sahani kwa kitambaa, akatembea juani mpaka nyuma ya kiwanda cha pamba.

Hakugonga. Ndani kulikuwa na joto la kumlaza ng'ombe, na feni ilikuwa inazunguka bila kutoa upepo. Cleotha alikuwa kwenye kiti kilekile, amekonda, mashavu yamebonyea. Alipomwona, uso wake ukafunguka, ule upande mmoja uliokuwa bado unafunguka.

"Nilijua!" alisema. "Waliposema serikali imeacha kukulipa, nikajiambia, haya, sasa tutaona. Mchungaji alisema nisitegemee. Nikamwambia humjui Vee. Vee atakuja." Alinyoosha mkono kuchukua sahani. "Umeona? Hakukuwa na mshahara wowote. Ulikuwa unanipenda tu."

Verlean alisimama na sahani. Mambo mengi yalimjia mdomoni, ya miaka mingi, yenye makali ya kisu cha kambale. Angeyasema yote. Lakini harufu ilimfikia kwanza. Ilitoka chini, kwenye bendeji, na aliijua. Ilikuwa harufu ya Mama Essie, katika chumba hikihiki, wiki ile kabla ya kukatwa mguu wa kwanza.

Aliweka sahani mezani. Alipiga magoti, akafungua bendeji, akaona, akaifunga tena.

"Tangu lini?"

"Ni kidonda tu."

"Tangu lini, Cleotha?"

"Wewe ulipoacha kuja, nilikuwa sina wa kuniangalia."

Aliita gari la wagonjwa. Walipokuwa wakilingoja alimlisha, kwa sababu mkono wake mzima ulikuwa unatetemeka na kunde zilikuwa zinamwagika. Cleotha alikula kunde zote, akasema zilihitaji pilipili zaidi.

Mhudumu wa gari, msichana mwenye kalamu sikioni, alimuuliza mlangoni, "Mama, wewe ni nani wake?"

"Nilikuwa nampelekea chakula."

"Panda nami, Vee!" Cleotha aliita kutoka kwenye machela. "Vee!"

Alikaa ngazini mpaka gari likapotea. Kisha akarudi ndani, akaosha sahani yake, akaenda nayo kwake.

Walimkata mguu juu ya goti. Kutoka hospitali akapelekwa nyumba ya kulelea wazee ya Greenwood, na nyumba ya Mama Essie ikawekwa kibao cha kuuzwa. Shondra alipata ruhusa kazini, sasa. Alipiga simu akiwa hospitalini, hakusalimia.

"Daktari anasema kama kingeonekana mapema wangeokoa mguu. Mapema, Mama. Ungekuwa unaenda kila siku ungeona."

"Nilikuwa naenda kila siku," Verlean alisema. "Walinisimamisha."

"Kwa hiyo bila hela mtu afe."

Simu ikakatwa. Verlean alipiga mara kadhaa siku zilizofuata, ikaita tu. Aliacha ujumbe, mmoja wa kueleza, mwingine wa kuomba radhi kwa jambo ambalo hakuona kosa lake. Sikukuu ya Shukrani ikapita, siku ya kula bata mzinga na jamaa, na kwa majirani alisikia kwamba Shondra alikuja, akala na babake Greenwood, akarudi Memphis.

Fedha zilitoka wakati wa baridi, pungufu. Kimbrough alipiga, sauti imejaa furaha kama yeye ndiye aliyezitoa mfukoni. Njia ya chakula cha moto ilikuwa imefutwa, sasa lori lilikuwa likiwaachia wazee makasha ya chakula kilichogandishwa mara moja moja. Hosea alikuwa amekwenda kuishi kwa mwanawe Jackson, naye alimtumia Verlean salamu na matusi ya kirafiki. Verlean akawekwa maktaba. Alifuta vumbi, akapanga vitabu vya watoto, akaonyesha watu choo kilipo. Ilikuwa kazi safi. Hakuna aliyemjua humo kama mke wa mtu.

Jumamosi moja ya Februari gari lilisimama nje ya kwake. Shondra alishuka na mfuko mkubwa wa plastiki. Alikuwa amenenepa kidogo, au amechoka. Verlean alifungua mlango kabla hajagonga.

"Sikai," Shondra alisema.

"Ingia, nje baridi."

Aliingia, akauweka mfuko sakafuni. "Kule wanakomlea Baba wanapoteza nguo zake. Wanazichanganya na za wengine, juzi nilimkuta amevaa suruali ya mtu. Nimewaambia wasifue tena." Alitazama ukuta. "Mimi naja kila baada ya wiki mbili. Nilifikiri ningekuwa nazipitisha hapa, halafu nizichukue safari inayofuata. Ni nguo kidogo tu, Mama."

Verlean aliutazama mfuko. Ulikuwa umefungwa fundo, na fundo lilikuwa limekazwa kwa hasira. Aliyajua maneno ya kusema. Alikuwa ameyasema mara nyingi kwenye nyumba ya buluu, na utamu wake aliukumbuka. Kisha akamtazama binti yake, ambaye alikuwa bado amevaa koti, funguo mkononi, anangoja aambiwe hapana ili aondoke moja kwa moja.

"Utakunywa chai?" aliuliza.

"Ikiwa haraka."

Alichemsha maji. Shondra alikaa ukingoni mwa kiti, akaeleza jinsi Baba anavyoendelea, jinsi anavyowachekesha manesi, jinsi anavyosema chakula cha kule hakina pilipili. Verlean aliitikia ilipotakiwa. Kikombe kilipoisha Shondra alisimama, akambusu shavuni haraka, akasema wiki mbili.

Gari lilipoondoka Verlean aliufungua mfuko juu ya sinki. Mashine ya kufulia ya kwake iliharibika siku nyingi. Akajaza maji ya moto, akamimina sabuni, akaanza na shati la juu, mkono wa kushoto ukikamua, ule wa kulia ukishikilia kama ulivyoweza.